Kusaidia Familia Si Kugawa Unga Tu

Likizo inapoingia, wengi wetu tulio katika shule za sekondari huwa na kazi mbili tu: kusaidia shambani na kungoja shule zifunguliwe. Likizo ya Agosti 2025, nikiwa kidato cha tatu hapa Webuye, nilibahatika kufanya uanagenzi wa wiki 3 katika shirika dogo linalosaidia familia zenye dhiki. Mshahara sikupewa, ila chai ya saa nne sikuikosa. Lakini niliyojifunza naona yafaa kusimuliwa.

Wengi waujua mji wa Webuye kwa karatasi. Zamani ukiitwa Broderick Falls, na kiwanda cha Pan African Paper Mills ndicho kilichoukuza tangu miaka ya 1970. Kilipofungwa mwaka 2009 hawakuumia wafanyakazi peke yao. Waliumia pia wenye vibanda vya chakula, wenye nyumba za kupangisha na wauza miti. Mwaka 2016 kiwanda kilipata wenyewe wapya, lakini kwa familia nyingi mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Baba aendaye Nairobi au Eldoret kutafuta riziki, pengine hurudi, pengine harudi. Watoto huachiwa nyanya, ambaye sisi Wabukusu humwita kukhu.

KUSIKILIZA KWANZA

Nilidhani nitapewa kazi ya kugawa unga na nguo. Unga ulikuwapo, lakini pakiti zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Kazi kubwa ilikuwa kusikiliza na kuandika. Wiki ya kwanza niliketi kando ya ofisa wa ustawi wa jamii, mama wa makamo, nami nikakatazwa kuuliza swali lolote.

"Mtu mwenye shida akianza kusema, usimkate," aliniambia. "La maana huja mwisho."

Nikaona ni kweli. Mtu huanza na karo, akaja kwenye mvua na mahindi, na anaposimama kuaga ndipo husema kwamba watoto hawajala tangu jana.

Wiki ya pili tulianza kuzuru nyumba. Katika boma moja lisilo mbali na barabara ya Kitale tulimkuta kukhu mmoja, mwenye miaka 68, anayelea wajukuu watatu. Tulisalimiana, "Mulembe," akatutolea viti nje. Nimepata ruhusa yake kusimulia habari hii, mradi nisimtaje jina wala kijiji.

Mjukuu wake mkubwa alikuwa ametakiwa shuleni alete cheti cha kuzaliwa, apate kuandikishwa kwa mtihani. Mtoto huyo alizaliwa nyumbani, na kadi yake ya kliniki ililiwa na mchwa. Mama yake alifariki papo hapo nyumbani, wala kifo hicho hakikuandikishwa.

"Mwanangu nimemzika kwa mikono yangu," kukhu alituambia. "Leo naambiwa nilete karatasi ya kuonyesha kwamba amekufa."

Ndugu msomaji, wengi hawaujui utaratibu huu mpaka wafikwe. Mtoto akizaliwa hospitali, hospitali ndiyo inayotoa taarifa. Akizaliwa nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu, na kifo cha nyumbani ni vivyo hivyo. Uzazi hutakiwa kuandikishwa kabla ya miezi 6 kupita. Ikipita, huitwa uandikishaji wa kuchelewa, na ushahidi zaidi hudaiwa. Bila karatasi hizo, ni vigumu hata yatima kuingizwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, unaotoa Sh2,000 kwa mwezi. Naye kukhu, kwa miaka yake 68, alikuwa bado hajafikia 70 inayotakiwa kwa fedha za wazee.

Basi tukaanza safari. Naibu wa chifu aliyakumbuka mazishi yale, akaandika barua. Kanisani tulipata jina la mtoto katika kitabu cha ubatizo. Kisha tukaenda Bungoma, tukapanga foleni, tukarudishwa kwa kukosa nakala moja, tukaenda tena. Nauli ya mara mbili peke yake ingemshinda kukhu. Cheti cha mtoto kilitoka baada ya mimi kurudi shuleni, akaandikishwa. Cheti cha kifo cha mama bado kinafuatwa.

SIRI YA WATU

Webuye ni mji mdogo. Katika wiki hizo tatu nilikutana na nyuso nizijuazo: za kanisani, za sokoni, hata za shuleni. Sitasema zaidi ya hapo, kwani hilo ndilo sharti la kwanza la kazi. Mwenye dhiki akijua habari zake zitafika kisimani kabla yake, hatakuja tena, na watakaoumia ni watoto.

Wako wanaouliza kwa nini watoto kama wale wasipelekwe katika makao ya watoto wakapate chakula na shule. Hata serikali sasa haielekei huko. Mkakati wake wa malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke katika makao na kulelewa ndani ya familia. Nami kwa macho yangu nimeona sababu. Wajukuu wale hawakukosa mtu wa kuwapenda. Mtu wao ndiye aliyekosa nauli, barua na mwenzi wa kusimama naye kwenye foleni. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, lakini haki hiyo haitembei yenyewe mpaka kijijini.

Januari 2026 wadogo zetu wa kwanza waliingia Gredi ya 10, ambako huduma kwa jamii ni somo la lazima. Ombi langu kwa walimu ni kwamba somo hilo lisiwe kufagia soko siku moja na kupigwa picha. Wapelekeni wanafunzi kwenye ofisi kama ile, waketi, wasikilize, wafundishwe kutunza siri, ndipo wapewe kalamu. Na yeyote ajuaye mtoto aliye hatarini, namba ya simu ni 116, na kupiga ni bure.