Kumfundisha Mbwa Pasipo Fimbo

Leo tutazungumza habari za mbwa wa nyumbani, yule alindaye mji usiku na kuwafuata watoto mchana. Nataka kukueleza jinsi ya kumfundisha mambo matatu: kuja anapoitwa, kukaa chini anapoambiwa, na kukubali kushikwa. Hili la tatu ndilo kubwa. Mbwa asiyeshikika hachanjiki, na mbwa asiyechanjwa aweza kuleta kifo nyumbani mwako.

Kwanza tuiweke fimbo kando. Watu wengi hudhani kwamba mbwa hafunzwi ila kwa kipigo. Hebu tazama mambo yanavyokwenda. Unamwita mbwa, naye yuko mbali akinusanusa jaani. Unamwita mara ya pili, unamwita mara ya tatu, hatimaye anakuja. Nawe kwa hasira unampiga kwa kuwa amechelewa. Lakini mbwa hajui maana ya kuchelewa. Jambo alilolifanya mwisho ni kuja kwako, nalo ndilo lililompatia kipigo. Kesho ukimwita atasimama mbali, mkia katikati ya miguu, nawe utasema mbwa huyu mkaidi. Si mkaidi hata kidogo. Amelishika sana somo ulilompa.

Liko jambo jingine la hatari zaidi. Mbwa angurumapo hutoa onyo, kana kwamba anasema, "Niache, naogopa." Akipigwa kila angurumapo, atajifunza kunyamaza, lakini hofu itabaki moyoni. Mbwa wa namna hiyo huuma ghafula, pasipo onyo, na mara nyingi aumwaye ni mtoto, maana uso wa mtoto uko karibu na kinywa cha mbwa.

Basi njia ni ipi? Alikuwako mtaalamu wa Kirusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya kazi ya tumbo katika kusaga chakula. Aliona kwamba mbwa wake walitokwa na mate hata kabla ya kuletewa chakula, kwa kusikia tu sauti iliyozoea kukitangulia. Mama yeyote mwenye kuku anaijua habari hii: akiupigapiga ungo, kuku huja mbio kabla hawajaona hata punje moja. Sauti imekuwa ahadi ya chakula.

Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO lilianza kuwafundisha panya buku mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Hawapigwi. Panya akitambua harufu anayotakiwa, husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula, kama vile ndizi. Mmoja wao, jina lake Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na shirika la Uingereza liitwalo PDSA, kwa kazi yake huko Kambodia. Ikiwa panya aweza hayo, mbwa wako atashindwa na neno "njoo"?

Sasa tuanze kazi. Chagua neno moja fupi la kumsifu, tuseme "Vema". Tayarisha dagaa wakavu, au mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya harage. Fanya hivi kabla mbwa hajala, maana mwenye kushiba hana haja ya ujira. Sema "Vema", mpe kipande. Ngoja kidogo. Sema tena, mpe tena. Baada ya siku mbili au tatu utaona masikio yanasimama kwa neno hilo tu.

Halafu mwite kwa jina, mara moja tu, ukiwa karibu naye. Akigeuza kichwa, sema "Vema" papo hapo na umpe. Papo hapo, nasema. Ukichelewa hata kwa muda wa kuhesabu tano, atakuwa ameanza jambo jingine, nawe utakuwa umelilipa hilo. Kisha rudi nyuma hatua mbili, useme "Njoo". Siku hata siku ongeza umbali. Na hata akikawia kuja, pokea ujio wake kwa wema. Ukitaka kumfungia au kumwogesha, usimwite, mwendee mwenyewe.

Kumketisha ni kazi nyepesi. Shika kipande juu ya pua yake, kipeleke polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kikiinuka, matako yatashuka. "Vema!" Neno "Kaa" litatiwa baadaye, akishajua tendo lenyewe. Dakika tano asubuhi na tano jioni zatosha; zaidi ya hapo mbwa huchoka, na mwalimu pia.

Wako wasikilizaji wetu, hasa wa pwani, ambao kwa sharti la dini hujitenga na mate ya mbwa. Njia hii haiwazuii, kwa kuwa chakula chaweza kutupwa chini.

Wengine watanikumbusha kwamba mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Ni kweli, lakini upole ninaousema si kumwachia mbwa afanye apendavyo. Akikurukia kwa miguu yenye matope, mgeuzie mgongo, usimtazame wala usiseme naye. Miguu yote minne ikiwa chini, hapo msifu. Katika njia hii mbwa hapati kitu cha bure.

Je, itakupasa kutembea na dagaa mfukoni maisha yako yote? La. Mmarekani B. F. Skinner alionyesha kwamba mnyama alipwaye mara moja moja huendelea na tendo lake kwa muda mrefu kuliko yule aliyezoea kulipwa kila mara, malipo yakikoma. Mtazame mvuvi: jana hakupata kitu, leo anatupa nyavu vilevile. Basi mbwa akishajua vizuri, mlipe mara hii, mara ile msifu tu.

Sasa lile la tatu. Gusa shingo yake kidogo, "Vema", mpe. Kesho mshike shingo kwa kuhesabu mbili. Keshokutwa mfunge kamba kwa muda mfupi, umfungue kabla hajaanza kuhangaika. Baadaye ibane ngozi ya bega taratibu kwa vidole, kama sindano itakavyogusa, na hapo umpe kipande kikubwa. Akirudi nyuma, umekwenda haraka. Anza tena pale alipokuwa ametulia. Kazi hii yaweza kuchukua majuma matatu, hata zaidi kwa mbwa aliyekwisha kupigwa sana.

Sababu ya subira yote hii ni kichaa cha mbwa. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni watu wa Afrika na Asia. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, dawa ya kumponya hakuna. Lakini mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Bwana Mifugo akija na sindano zake, mbwa waliozoea fimbo hukimbilia porini, na hao ndio wabakio bila chanjo.

Siku ya chanjo, basi, usimtume mtoto mdogo na mbwa mkubwa. Mpeleke mwenyewe kwa kamba, dagaa mkononi, usimame mbali na mbwa wengine mpaka zamu yako ifike. Kama mtu ameumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata awe wa jirani mwema, oshwa jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona kama mbwa ataugua.

Juma lijalo tutaeleza habari za banda la mbwa na jinsi ya kuzuia viroboto na kupe. Kwaherini.