Gorogoro Iliyobonyea na Jeni za Mbuni

Sokoni Kitale, mama anayelijua soko hamlipi muuza mahindi kabla ya kutia mkono ndani ya gorogoro na kupapasa kitako chake. Mkebe ule wa kilo mbili ukiwa umegongwa chini mpaka kitako kikaingia ndani, utajazwa pomoni mbele ya macho yako na bado utapunjika. Mahindi ni mazuri, bei ni ya haki, hesabu imepigwa sawasawa. Kilichoharibika ni kipimo.

Sisi tunaochunguza jeni za miti tuna gorogoro zetu pia, na ninasikitika kusema kwamba wengi huzitumia bila kuzipapasa kitako.

Nichukue mti ambao watu wa huku wanaufahamu. Kutoka mashamba ya Kibomet hadi Kimilili na Chwele, upande wa Bungoma, adui mkubwa wa mbuni ni chulebuni, ugonjwa ambao wakulima wetu huutaja kwa herufi tatu tu, CBD. Ulibainika kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1922. Kuvu anayeuleta, Colletotrichum kahawae, hupenda ubaridi na mvua, na huvamia buni zikiwa bado changa. Huanza doa dogo jeusi lililodidimia, doa linatambaa, na mwishowe buni huanguka au hukauka palepale kwenye tawi. SL28, mbegu inayosifiwa kwa ladha ya kahawa yake, huumia sana. Ruiru 11, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1980, na Batian, iliyotolewa mwaka 2010, huhimili.

Mkulima hahitaji maabara kuliona hilo. Maabara inatafuta sababu. Spora ya kuvu ikitua juu ya ganda la buni ya Ruiru 11, ni jeni gani zinaamka upesi, ambazo katika SL28 zinachelewa? Mwenye jibu la swali hilo anaweza kuichagua miche inayohimili ikiwa bado kitaluni, bila kusubiri miaka mpaka izae.

Jeni inapofanya kazi, seli hutoa nakala zake za RNA. Kuhesabu nakala hizo ndiko kujua jeni inajituma kiasi gani. RNA hugeuzwa kwanza kuwa DNA, kisha mashine ya PCR huizidisha mara mbili kila mzunguko na kuandika ni mzunguko wa ngapi mwanga wake ulipovuka mstari uliowekwa. Nakala zikiwa nyingi tangu mwanzo, mstari unavukwa mapema. Tofauti ya mzunguko 1 ni mara 2. Tofauti ya mizunguko 3 ni mara 8.

Ugumu ni kwamba sampuli hazilingani. Buni changa imejaa kemikali ziitwazo fenoli. Ukiiponda hugeuka kahawia kama ndizi mbichi iliyomenywa, na fenoli hizo huing'ang'ania RNA na kuichafua. Kutoka buni moja utapata RNA nyingi safi, kutoka nyingine kidogo yenye uchafu. Ndiyo maana tunapima sambamba jeni nyingine, ambayo tunaamini inafanya kazi kwa kiasi kilekile popote na wakati wowote, na tunasoma matokeo yetu kwa kulinganisha nayo. Hiyo huitwa jeni rejeleo. Hiyo ndiyo gorogoro.

Sasa tazama inavyoweza kutupunja. Tuseme jeni ya kinga imevuka mstari katika mzunguko wa 25 kwa SL28 na wa 22 kwa Ruiru 11, na RNA ya sampuli zote mbili ni sawa. Jeni rejeleo ikisoma 18 kote, jibu ni mara 8, na ni kweli. Lakini kama maambukizi yenyewe yameipunguza kasi hiyo jeni rejeleo ndani ya Ruiru 11 ikasoma 20, hesabu itatoa mara 32. Ikiwa yameichochea ikasoma 15, hesabu itasema hakuna tofauti yoyote kati ya mibuni hii miwili. Mashine haikukosea hata chembe, na jeni ya kinga ni ileile.

Na jeni tunazozizoea ndizo za kutiliwa shaka. Aktini na tubulini hujenga kiunzi cha seli, na kuvu anapojaribu kutoboa, kiunzi hicho hujipanga upya kuelekea pale anapotobolea. GAPDH hushughulika na uchomaji wa sukari, na seli iliyo vitani haichomi sukari kama ilivyokuwa jana. Ubikuitini huwekea alama protini za kuvunjwa, kazi ambayo ugonjwa na kuzeeka kwa jani huibadilisha. RNA ya ribosomu iitwayo 18S nayo ni nyingi kupita kiasi: kuipimia jeni adimu ni sawa na kupima chumvi ya mboga kwa mizani ya malori. Hakuna jeni mbaya hapo. Kila moja inaweza kutulia katika hali fulani, ila kutulia huko kuthibitishwe kwanza.

Mwaka 2002 Jo Vandesompele na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walionyesha njia ya kuthibitisha, wakitumia tishu za binadamu. Wazo lao ni jepesi na ninalipenda sana: jeni mbili zilizotulia kweli zitakuwa na uwiano uleule katika kila sampuli. Uwiano ukiyumba, walau moja kati ya hizo mbili inayumba. Unazilinganisha mbilimbili, unaitoa inayoyumba zaidi, unarudia mpaka zibaki zilizo imara. Walishauri zitumike jeni tatu au zaidi kwa pamoja, kwa wastani wa kijiometria. Tahadhari ipo: jeni mbili za kazi moja zinaweza kupanda na kushuka pamoja, uwiano wake ukakaa vizuri huku zote zikidanganya. Kwa hiyo nazitaka jeni za majaribio, nane au kumi hivi, zitoke katika kazi tofauti za seli.

Mbuni una mambo yake zaidi. Arabika ina kromosomu 44, urithi wa spishi mbili zilizochanganyika zamani, hivyo jeni nyingi zina nakala kutoka pande zote mbili, na praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR kwenye jeni, zisipochaguliwa kwa makini hupima zote kwa mkupuo. Zaidi ya hapo, siku tatu baada ya kuvu kutua, sehemu ya RNA unayoitoa kwenye buni si ya mti tena, ni ya kuvu. Praima zinazoshika tubulini ya wote wawili zitakuonyesha jeni rejeleo inayopanda kadiri ugonjwa unavyoenea. Dawa yake ni kuzijaribu praima hizo kwa kuvu peke yake kabla ya kugusa buni.

Na ushahidi hauhamishwi kiholela. Mwaka 2009 watafiti wa Brazili walichapisha majaribio ya jeni rejeleo za mbuni, na mimi huanzia orodha zao nikitafuta za kujaribu. Ila zao zilipimwa kwa mibuni yao, katika hali zao. Hata jeni tatu zilizotulia kwenye buni zetu za kijani wakati wa mvua, Januari ikifika, udongo umepasuka na majani yamelegea ifikapo saa sita, ninapotaka kujua mizizi inavyostahimili ukame, inabidi zirudi kwenye sahani ya PCR pamoja na nyingine zote na kupimwa upya.