Kisiki kilichomfundisha Rinaudo kuacha kupanda

Mwaka 1983, kwenye njia ya mchanga karibu na Maradi, kusini mwa Niger, Tony Rinaudo alisimamisha gari lake lililobeba miche ili apunguze upepo kwenye matairi. Mmisionari huyo kutoka Australia, msomi wa kilimo, alikuwa amechoka. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa akipanda miti, na mingi ilikauka au kuishia tumboni mwa mbuzi. Wakulima walimwona kama mtu aliyerukwa na akili. Nani mwenye njaa atatoa ardhi ya uwele aupishe mti?

Pembeni palikuwa na kichaka, kama vingine vingi alivyokuwa akivipita siku zote. Safari hii alikisogelea, akakagua majani yake. Kumbe ulikuwa mti uliokatwa zamani, ukichipua kutoka kwenye kisiki. Kila mwaka mwenye shamba aliufyeka kabla ya mvua, nao kila mwaka ulichipua tena.

Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya mtu asiyekata tamaa. Mimi nakisoma vingine: siku ile Rinaudo alikata tamaa kweli, akaachana na miche, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza kuzaa. Angeng'ang'ania vitalu, huenda hadi leo angekuwa anazika miche.

Siri imo chini ya ardhi. Mche uliotoka kitaluni una mizizi mifupi. Jua likikaza wiki chache, umekwisha. Kisiki kina mizizi iliyokwisha kufika kwenye unyevu, na ndani yake mna akiba ya chakula kama ghala la mkulima mwangalifu. Kinachotakiwa ni panga na subira. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unakata mengine, unapogoa matawi ya chini, kisha unayalinda dhidi ya mifugo na moto.

Kuwashawishi watu ndiko kulikokuwa kugumu. Waliokubali mwanzoni walichekwa, na miti yao ikaibwa kwa kuni. Sheria nayo, iliyorithiwa kwa wakoloni, iliufanya mti kuwa mali ya serikali hata ukiwa katikati ya shamba lako. Sasa utunze cha nani? Ukame wa 1984 ulipoleta njaa, chakula cha msaada kilitolewa kwa waliokubali kuacha machipukizi yakue. Mpango ulipokwisha, wengi waliikata miti ile. Lakini visiki vilibaki, na waliokuwa wameonja faida ya kuni, malisho na upepo uliopungua shambani waliendelea. Katika miaka 20 hivi, mbinu hiyo ilienea Niger kwenye eneo linalokadiriwa kufikia hekta milioni 5. Mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden.

Nchini Tanzania, mkoani Dodoma, mbinu hiyo inaitwa Kisiki Hai. Wakulima hufunga kitambaa cha rangi kwenye chipukizi walilolichagua, ili mchungaji na mwenye shoka wajue lina mwenyewe. Haina mbwembwe: hakuna kiongozi anayepigwa picha akishika panga mbele ya kisiki, kama wanavyopigwa wakishika mche ambao mwakani hakuna atakayeuulizia.

Na kabla ya Rinaudo, Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa ulizivuruga nyingi, na ukataji wa miti ulikuwa umekwisha kuigeuza Shinyanga karibu kuwa jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 uliwarudishia wenyeji utaratibu wao, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilifunika zaidi ya hekta 300,000, sehemu kubwa ikiwa ni miti iliyojiotea baada ya ng'ombe kuzuiwa. Wazee waliojua mipaka ya ngitili za zamani walikuwepo muda wote huo. Ilichukua miaka mingi mtu kuwauliza.