Acheni Karoti, Mtoeni Mtoto Nje

Kila shule zinapofunguliwa wazazi huniuliza lile lile: mtoto haoni ubaoni, nimpe glasi ngapi za juisi ya karoti? Hata ndoo nzima haitamsaidia.

Mwili hutengeneza vitamini A kutokana na karoti. Mtoto aliyepungukiwa sana na vitamini hiyo haoni gizani, jicho hukauka, na asipotibiwa anaweza kupofuka. Ndiyo maana watoto wadogo hupewa matone yake kliniki. Lakini anayekula mchicha, matembele na maembe, kisha akawa anakunja uso kusoma ubao, kwa kawaida ana tatizo jingine kabisa: jicho limerefuka. Likizidi milimita moja tu, taswira ya vitu vya mbali huangukia mbele ya retina, yaani pazia la nyuma ya jicho, na miwani hukaribia namba 3. Hakuna chakula kinachofupisha jicho. Hadithi ya karoti ni ya zamani: wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliambiwa kuwa rubani John Cunningham anadungua ndege za Wajerumani usiku kwa nguvu za karoti. Kumbe ndege yake ilikuwa na rada! Na leo bado kuna wauza virutubisho wanaowauzia wazazi hadithi hiyohiyo, kwa chupa.

Kinachochelewesha jicho kurefuka ni mwanga wa nje. Darasani kuna mwanga wa luksi 300 hadi 500 hivi. Chini ya mwembe, mchana, ni maelfu. Mjini Guangzhou, China, shule ziliongeza kipindi cha nje cha dakika 40 kila siku kwa darasa la kwanza. Baada ya miaka 3, asilimia 30.4 walikuwa wameanza kutoona mbali, dhidi ya 39.5 katika shule zisizoongeza kipindi hicho. Taiwan inahimiza dakika 120 kwa siku tangu 2010. Sisi tuna jua la bure, lakini tunawafungia watoto twisheni hadi jioni. Sehemu za jani zinafundishwa kwa mchoro ubaoni, na mwarobaini umesimama nje ya dirisha!

Basi: sayansi, jiografia na vipimo vya hesabu vifundishwe uwanjani. Bustani iwe somo, isiwe adhabu. Kivuli kinatosha; mtoto awe na kofia na maji, na asilitazame jua. Anzisheni klabu ya mazingira ya Roots & Shoots, iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 1991. Ambaye jicho lake limesharefuka apimwe, avae miwani kila siku, jua halitamwondolea tatizo. Mwenye makengeza au mboni nyeupe aletwe kliniki leo.