Chama Kinapogawanyika: Hoja ya Serikali Tatu, Historia ya CUF na Fundisho kwa Waamini wa Tabora

Kila taifa letu linapozungumzia Katiba, swali la muundo wa Muungano hurudi mezani: je, tuendelee na serikali mbili, au tuwe na shirikisho la serikali tatu? Chama kilichoibeba hoja ya serikali tatu kwa miaka mingi ni CUF, Chama cha Wananchi. Chama hicho hicho kimepita katika migawanyiko mizito ya ndani, hata wafuasi wake wakajikuta katika kambi mbili zilizodai jina moja.

Katika makala hii tunapenda kueleza mambo matatu: maana ya hoja yenyewe, jinsi chama hicho kilivyogawanyika, na mwanga ambao Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupatia. Hatuandiki ili kumwelekeza mwamini chama cha kukipigia kura. Tunaandika kwa sababu waamini wa vyama mbalimbali hukaa katika benchi moja kanisani na katika Jumuiya moja, na mgawanyiko wa majukwaani huingia kwa urahisi katika nyumba zetu.

Suala hili linatuhusu sisi wa Tabora

Huenda mtu akadhani kwamba mambo ya Muungano ni ya Zanzibar, Dar es Salaam na Dodoma. Historia inasema vingine. Katika karne ya 19, barabara ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapa Tabora ikagawanyika: njia moja kwenda Ujiji, nyingine kuelekea Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walijenga nyumba Tabora na Kwihara, nao Wanyamwezi walibeba mizigo hadi pwani. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika wa kwanza walipita njia hiyo hiyo kuleta Habari Njema. Kwa hiyo Visiwa na Unyamwezi vilijuana, kwa heri na kwa shari, muda mrefu kabla ya mwaka 1964.

Barabara hiyo ilitufundisha pia ubaya wa ugomvi wa kiti. Takribani mwaka 1860, Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe aliwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu. Wao wakamuunga mkono Mkasiwa, naye Mnywa Sele akaondolewa, na vita vikafuata. Nyumba ya utawala iliyogawanyika ilimpa mgeni nafasi ya kuamua nani akae kitini.

Katika siasa za leo pia Tabora imo. Profesa Ibrahim Lipumba, aliyekuwa Mwenyekiti wa CUF tangu mwaka 1999, ni mzaliwa wa Ilolangulu, mkoani kwetu.

Hoja ya serikali tatu ni ipi?

Hati za Muungano zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume, na Muungano ukaanza tarehe 26 Aprili. Zikabaki serikali mbili: ya Muungano, ambayo inashughulikia pia mambo yasiyo ya Muungano ya Tanzania Bara, na ya Zanzibar. Mambo ya Muungano yalianza yakiwa 11. Baadaye yakafikia 22.

Wanaotaka serikali tatu husema kwamba Zanzibar ina serikali yake lakini Tanganyika haina, na kwamba mpaka kati ya mambo ya Bara na ya Muungano hauonekani vizuri. Wanaopinga husema kwamba serikali ya tatu itaongeza gharama na kuamsha utaifa wa Utanganyika, hata Muungano wenyewe ukavunjika. Mtumishi wa Mungu Mwalimu Nyerere alisimama upande huu wa pili, na mwaka 1994 alitoa kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania kuitetea hoja yake.

Ni vema tukumbuke kwamba hoja hii haikuwa ya wapinzani peke yao. Januari 1984 Rais wa Zanzibar, Sheikh Aboud Jumbe, alijiuzulu nyadhifa zake baada ya mvutano ndani ya CCM juu ya suala hili. Mwaka 1993 wabunge wa CCM waliojulikana kama G55 walitaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Tume ya Jaji Nyalali, Kamati ya Jaji Kisanga na Tume ya Jaji Warioba, kila moja kwa wakati wake, zilipendekeza serikali tatu. Hata hivyo, Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa Dodoma Oktoba 2014 ilibaki na serikali mbili, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa. Watu wenye nia njema, wakiwamo Wakatoliki, wamekuwa pande zote mbili.

Chama kilichozaliwa kwa kuungana

CUF yenyewe ilizaliwa mwaka 1992 kwa kuunganisha makundi mawili: KAMAHURU ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha Bara, kilichoongozwa na James Mapalala. Kilikuwa, kwa namna fulani, Muungano mdogo ndani ya Muungano mkubwa. Katika miaka yake mingi Mwenyekiti alitoka Bara na Katibu Mkuu, Maalim Seif Sharif Hamad, alitoka Pemba. Nguvu kubwa ya kura ilikuwa Visiwani, na sauti ya kitaifa ilihitaji Bara.

Muungano huo mdogo ulitikisika mapema. Mapalala, mwenyekiti wa kwanza, alitofautiana na wenzake, akatoka na baadaye kuanzisha chama kingine. Januari 2012 alifukuzwa Hamad Rashid Mohamed, mmoja wa viongozi wake wakongwe. Hata juu ya hoja ya Muungano hapakuwa na sauti moja daima: wakati wa kukusanya maoni ya Katiba, viongozi wa Zanzibar, akiwamo Maalim Seif, walizungumzia Muungano wa mkataba, ambao ni mlegevu zaidi ya shirikisho la serikali tatu.

Kwa haki ni lazima kukumbuka pia mema yaliyopatikana. Baada ya watu kuuawa katika maandamano ya Januari 2001 Unguja na Pemba, CUF na CCM walifikia Muafaka Oktoba mwaka huo. Mwaka 2010 Wazanzibari walikubali kwa kura ya maoni Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na mahasimu wakakaa katika baraza moja la mawaziri.

Kiti kimoja, madai mawili

Mpasuko mkubwa ulianza mwaka 2015. Vyama vya upinzani vilivyojiunga katika UKAWA vilimkubali Edward Lowassa kuwa mgombea urais, na mwezi Agosti Profesa Lipumba alijiuzulu uenyekiti kwa kutokubaliana na hatua hiyo. Mwaka 2016 aliandika kutengua uamuzi wake. Je, aliyejiuzulu anaweza kurudi ikiwa kikao chenye mamlaka hakijaipokea barua yake? Mkutano Mkuu wa Agosti 2016 ulivunjika kwa vurugu. Septemba mwaka huo Msajili wa Vyama vya Siasa alimtambua Lipumba kuwa Mwenyekiti. Upande wa Maalim Seif ukakataa, na mashauri yakafunguliwa mahakamani.

Kwa zaidi ya miaka miwili chama kilikuwa na makao mawili na wasemaji wawili. Mwaka 2017 wabunge 8 wa Viti Maalumu walivuliwa uanachama na upande wa Mwenyekiti, na nafasi zao zikajazwa na wengine. Machi 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Lipumba ndiye Mwenyekiti halali; siku hiyo hiyo Maalim Seif na wafuasi wake wengi wakahamia ACT-Wazalendo. Mgombea urais wa CUF, aliyepata takribani asilimia 16 ya kura mwaka 2000, mwaka 2020 alipata chini ya asilimia 1, katika uchaguzi ambao wapinzani waliulalamikia.

Mambo ya namna hii hutokea kwingine pia. Huko Ufilipino, nchi yenye Wakatoliki wengi, Rais Rodrigo Duterte wa chama cha PDP-Laban aliingia madarakani mwaka 2016 akiahidi shirikisho; akaondoka mwaka 2022 bila Katiba kubadilishwa. Mwaka mmoja kabla, chama chake kiligawanyika katika makundi mawili, na Tume ya Uchaguzi ndiyo iliyoamua kundi lipi ni halali.

Msajili na Mahakama ni vyombo halali, navyo havifanani na wafanyabiashara walioingilia Unyanyembe. Lakini fundisho linakaribiana: nyumba isiyoweza kumaliza ugomvi wake kwa taratibu zake yenyewe hulazimika kungoja uamuzi wa mlango wa nje. Kwa chama kilichodai nchi igawane madaraka kwa mipaka iliyo wazi, hili lilikuwa pigo katika hoja yake yenyewe, maana mipaka ya madaraka ya Mwenyekiti, Katibu Mkuu na vikao ndiyo iliyobishaniwa.

Mfano wa Tabora, 1958

Mji wetu unao mfano mwingine. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora ikiwa karibu kupasuka. Wakoloni walikuwa wameweka utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliona kushiriki ni kujidhalilisha. Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria hapa hapa, alishawishi wajumbe wakubali kushiriki. Hoja zilisikilizwa, kura ikapigwa, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuunda chama chake; baadaye alirudi TANU. Mgawanyiko ulikuwepo, lakini kikao kiliamua, na mlango haukufungwa.

Auni na mshikamano

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayasemi kama Tanzania iwe na serikali mbili au tatu. Hilo ni la wananchi wenyewe. Yanatupatia vipimo. Kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI mwaka 1931 katika waraka wa Quadragesimo Anno, hufundisha kwamba lile ambalo jumuiya ndogo inaweza kulitenda, kubwa isilinyang'anye, bali iisaidie. Mshikamano hufundisha kwamba mdogo naye asijitenge na kusahau mafao ya wengi. Auni bila mshikamano huzaa ubinafsi wa kila upande. Mshikamano bila auni huzaa ubabe wa walio juu. Muundo wowote wa Muungano upimwe kwa kanuni zote mbili pamoja.

Kanuni hizo hizo zinatupima sisi. Jumuiya Ndogo Ndogo, kigango, parokia na jimbo vina kazi zao. Je, mwenyekiti wa Jumuiya huamua peke yake yanayopaswa kuamuliwa na wote? Je, kiongozi aliyeshindwa uchaguzi wa halmashauri ya parokia huondoka na wafuasi wake? Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorintho waliojigawa kwa majina ya viongozi wao, naye hakulisaza hata jina lake. Mitume walipotofautiana juu ya watu wa mataifa walikutana Yerusalemu, wakasikilizana na kuamua pamoja.

Basi, tuombe maelezo ya hoja kabla ya kuuliza msemaji ni wa chama gani. Tusimwite adui ndugu anayetofautiana nasi juu ya Muungano. Na uchaguzi unapokaribia, Jumuiya zetu ziwe mahali ambapo wa chama hiki na wa chama kile husali pamoja, hupeana mkono wa amani na kwenda pamoja kumtembelea mgonjwa. Mwenyezi Mungu aibariki nchi yetu, Bara na Visiwani.