Picha ya Ubongo: Ukijitolea, Usifiche Neno



Katika nchi nyingi wanganga huwaomba watu wazima wajitolee kupigwa picha za ubongo kwa ajili ya uchunguzi. Mara nyingine wanawatafuta watu wa kazi kama zetu: mafundi wanaounga vyuma kwa moto na wachimbaji wa manganizi. Siku moja unaweza kuombwa wewe. Ni vizuri ujue kwa nini wanakutafuta, na ni neno gani usilifiche kabla ya kukubali.

KWA NINI SISI?

Manganizi tunaijua. Ilichimbwa miaka mingi kule Kisenge, inatiwa katika chuma ili kiwe kigumu, na imo ndani ya fimbo za kuungia vyuma. Mwili unaihitaji kidogo sana, nao unaipata katika chakula. Lakini mtu akivuta vumbi lake au moshi wake miaka mingi, manganizi inafika katika ubongo. Mwaka 1837, munganga James Couper wa Glasgow aliandika habari za watumishi waliokuwa wakisaga manganizi: miguu ilikosa nguvu, mwendo ukawa wa kuyumba, sauti ikafifia.

Zamani munganga aliona ugonjwa mtu akiisha kuyumba. Leo mashini inayoitwa IRM inaweza kuonyesha manganizi ndani ya ubongo: mahali ilipokusanyika panang'aa katika picha. Mtu akiacha kuvuta moshi ule, mng'ao hupungua baada ya miezi. Mwaka 2011, wanganga wa St. Louis, Marekani, walitoa matokeo ya picha za namna nyingine, PET, za mafundi 20 wa kuunga vyuma wasiokuwa na dalili za ugonjwa. Hata hivyo ubongo wao ulionyesha tofauti na ule wa watu wasiofanya kazi hiyo. Habari kama hii haipatikani bila watu kujitolea. Hata asiyeunga vyuma anahitajiwa, ili picha zilinganishwe.

MASHINI INAFANYA NINI?

IRM si picha ya radio, wala haina mionzi ile. Ni sumaku yenye nguvu zaidi ya mara 20.000 kuliko ile ya dunia inayogeuza dira. Unalala chali, kichwa ndani ya bomba, bila kutikisika, pengine nusu saa au zaidi. Inagonga kwa kelele kama nyundo, kwa hiyo unapewa vizibo vya masikio. Unapewa pia kitu cha kubonyeza ukitaka kutoka. PET ni nyingine: unachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo. Uliza kwanza ni mashini gani.

HATARI IKO WAPI?

Sumaku ya IRM haizimwi kama taa. Inavuta hata wakati hakuna mtu ndani. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, chupa ya chuma ya oksijeni ilivutwa ndani ya mashini, ikamuua mtoto wa miaka 6. Ni chupa ya namna ile tunayoiona kila siku katika karakana.

Kwetu sisi hatari nyingine iko jichoni. Fundi aliyesaga chuma anaweza kubaki na kipande kidogo sana ndani ya jicho, akakisahau kwa kuwa hakimwumi tena. Sumaku inaweza kukisogeza. Mwaka 1986, wanganga wa Marekani waliandika habari ya mtu aliyepofuka jicho moja baada ya IRM kwa sababu hiyo.

Basi, kabla ya kuingia sema wazi:
– kama chuma kiliwahi kukuruka jichoni, hata miaka 20 iliyopita. Picha ya radio ya macho itaonyesha kama kimebaki;
– kama una kimashini kinachoendesha moyo, au chuma katika mfupa au kichwani;
– kama unaogopa mahali pembamba.
Acha nje saa, funguo, mkaja na viatu vya kazi vyenye chuma.

HAKI YAKO

Azimio la Helsinki la wanganga wa dunia, la mwaka 1964, linalinda mtu anayechunguzwa. Asifanyiwe neno asilolikubali. Kapita hawezi kukutuma kama anavyokutuma kazini. Unaweza kukataa, na unaweza kuacha katikati, bila kuadhibiwa. Ueleweshwe kwa lugha unayoifahamu kabla ya kutia sahihi. Uliza: Nani ataona picha yangu? Je, mkubwa wangu wa kazi ataiona? Wakikuta ugonjwa, nani ataniambia, na nani atanitunza? Asiyejibiwa asitie sahihi.

Ujue pia kwamba uchunguzi si dawa. Pengine hutapata faida yo yote wewe mwenyewe. Faida itakuwa ya wale watakaoshika kazi nyuma yako. Ukirudishiwa franga za safari, ni vizuri. Lakini kwa ajili ya franga hizo usifiche kipande cha chuma. Jicho likipofuka, franga haziwezi kulirudisha.

Picha inaonyesha moshi uliokwisha kuingia. Haiuzuii. Kazi ya kuuzuia ni ya kinyago, ya miwani na ya mashini ya kufukuza moshi, kila siku, hata kama hakuna munganga anayekutazama.