Majengo ya Chunya na Jicho la Kuyatazama

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Chunya, akiisha kuvuka milima ambako ukungu hulala njiani hata jua likapanda, huteremkia nchi ya joto na vumbi, akaukuta mji uliozaliwa na dhahabu. Kwani habari za madini ya mto Lupa zilipoenea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wa kila kabila na taifa walimiminika huko, na katika miaka ya 1930 kila kundi lilijenga maskani kwa ada yake.

Nyumba za zama zile si makasri. Kuta ni za matofali mabichi, nene hata mtu akaweza kuketi dirishani. Paa ni la bati lililoshika kutu, na mbele pana baraza yenye nguzo za miti. Asiyefunzwa kutazama huziita magofu, ilhali fundi ajua kwamba unene ule huzuia hari ya mchana, na kwamba upenu wa baraza haukuwekwa kwa urembo tu, maana adui wa tofali bichi ni mvua.

Kuwafunza watu kutazama namna hii ndiyo amali ya kituo cha urithi wa usanifu kiitwacho DARCH, huko Dar es Salaam, kilicho ndani ya Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe la zama za Sultani Majid bin Said, miaka ya 1860. Humo hufanywa maonyesho, na wenyeji kwa wageni hutembezwa mitaani wakielezwa nani alijenga nini, na kwa sababu gani. Jirani zetu wa Iringa nao wamelifanya boma lao la Kijerumani kuwa makumbusho.

Chunya yahitaji mafunzo haya ya kutazama kuliko miji mingi, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyotangulia mwaka 1863 tu. Ya baadaye hungoja tangazo la waziri. Nyumba ya mchimba dhahabu, basi, haina mlinzi ila mapenzi ya wenyewe, na mapenzi hayaji bila maarifa.

Nawe msomaji uliyerithi nyumba kama hiyo, sikukatazi kujenga mpya. Ila kabla hujashusha bati, ipime, ipige picha, ukawaulize wazee jina la fundi wake, ulitie katika daftari.